Nimesema D, we unaenda C kufanya nini?

Jumamosi nimekaa dukani hapa Ngamiani, Tanga, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka adhana ya alasiri napigana na programu moja tu ya kuhariri video. Jina lake silitaji. Mashine yangu mnaijua nyie mnaokuja kuprinti: laptopu ya mtumba, SSD (diski ya kasi) ya GB 128 ambayo ukiifungua inakwambia ni 119 (mtengenezaji anahesabu kwa 1000, Windows inahesabu kwa 1024, mnunuzi ndo anapunjwa), na pale palipokuwa pa kuwekea DVD fundi alinichomekea HDD (diski ya zamani, ya kuzunguka) ya GB 500. Windows iko C, ndo hiyo SSD, kazi zangu zote D, ndo hiyo HDD. C ilikuwa imebaki na GB 7. D ungeweza kucheza mpira.

Nikanunua bando, nikashusha setapu, nikabonyeza, nikasubiri ile sehemu ya kuulizwa tuweke wapi. Hakuna. Imeanza tu kujimwaga C kama imetumwa, ikafika asilimia 80 na kitu ikasema nafasi haitoshi ikajifunga. Nikafuta mapicha ya paspoti ya mwaka juzi, nikaanzisha tena, kumbe ile setapu ni kile kidude kidogo cha mtandaoni ambacho kila ukikiwasha kinashusha mzigo wote upya, bando likaishia hapohapo na programu sina.

Na katikati ya hayo anaingia shangazi mmoja wa Makorora, mwenye harusi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kanda yetu vipi?"

Unamwambiaje sasa mtu mzima kwamba harusi ya mwanawe imekwama kwa sababu ya herufi C?

Nikatafuta toleo la nyuma kidogo, hilo likauliza, nikaandika D vizuri kabisa, likakubali, likamaliza. Naangalia D, folda ina MB 200. Naangalia C, GB 4 hazipo! Ziko wapi? Nusu kwenye ProgramData, nusu kwenye AppData, folda za C ambamo programu huweka vitu vyake, ambayo hata haionekani mpaka uruhusu mafaili yaliyofichwa. Yaani mgeni umemtandikia chumba cha uani, godoro na chandarua, yeye kaacha kandambili uani halafu kaja kulala sebuleni miguu iko mlangoni.

Hapa ndo huwa napandwa. Setapu za zamani zilikuwa na adabu, zinauliza, unafuta C unaandika D, mmemalizana. Sasa hivi mtengeneza programu kakaa huko na diski ya TB 1 na intaneti asiyoihesabu kaamua lile swali linatuchanganya. Linamchanganya nani? Mimi naichukua harusi ya kuanzia kupaka hina mpaka bi harusi anatolewa naibana kwenye dakika 40, nitashindwa kuchagua kati ya herufi mbili? Sema hamjawahi kuona mtu mwenye SSD ya GB 128, hapo nitawaelewa. Na hiyo C yenyewe mnayoiabudu imeitwa C kwa sababu tu A na B zilikuwa za floppy (zile disketi), tangu kompyuta za IBM za mwaka 1981, hadi diski ngumu zilivyoingia 1983 zikakuta herufi mbili zimeshakaliwa. Floppy zimekufa, C bado inajiona ndo mwenye nyumba.

Na ukiziondoa haziondoki. Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini programu hizi zikishakuja ndo zimezaliwa hapa: unaifuta, unakuta folda zake zimebaki AppData zinakula tu.

Haya, nisiwaonee. Driva (programu za kuendesha vifaa) na antivirus kukaa C sawa, zinafanya kazi na Windows moja kwa moja. Program Files, folda ya programu zenyewe, nayo inalindwa, si kila kitu kinaweza kuandika mle. Na ni kweli HDD yangu ni nzito kuliko SSD, programu ikikaa D inafunguka kwa kujivuta. Najua. Ila uzito ni wangu, nimeuchagua mwenyewe.

Kukata na kubandika folda usijisumbue, anwani ya zamani imeshaandikwa kwenye rejista ya Windows, utabonyeza na haitafunguka. Nilichofanya ni kumdanganya mgeni. Funga programu kabisa, nakili folda yake yote upeleke D, hakikisha imefika nzima, ile ya C ibadilishe jina usiifute bado, halafu fungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandikia amri) kama administrator uandike amri ya kutengeneza kiungo:

mklink /J "C:\ProgramData\Jina" "D:\Jina"

Jina ni folda ya programu yako. Anwani ya kwanza ni pale inapodhani inakaa, ya pili ni pale inapokaa kweli, na ukizigeuza usinilaumu. Yenyewe inapita mlango wa sebuleni kama kawaida, kumbe mlango unatokea uani. Ikifunguka salama ndo ufute ile ya zamani. Folda ya Windows yenyewe usiiguse, nasema tena usiiguse.

Vingine kwa kifupi: TEMP na TMP (anwani za folda ya mafaili ya muda) zihamishie D, maana setapu nyingi zinafungulia mzigo C kwanza hata ukizipangia D. Na amri ya powercfg /h off, ya kuzima hibernate (kompyuta kujizima huku imehifadhi kazi zako diskini), kwangu, RAM ya GB 8, ilirudisha GB 3 na ushee, ila kompyuta itawaka taratibu kidogo na hibernate huna tena.

Jioni ile nikapata GB 4 zangu, nikamaliza kanda usiku, Jumapili shangazi kachukua flashi na kaniletea sahani ya biriani, sijui alijuaje sijala.

Leo asubuhi programu imejipa apdeti yenyewe, haikuuliza. Nimefungua C kuangalia, kile kiungo hakipo, folda halisi imerudi palepale, GB 4 na pointi. Nafunga mlango naanza upya. Wa kuprinti njooni baada ya alasiri.