Anayemdai marehemu ajitokeze

Alhamisi ile ya tarehe 24 Julai 2025, kabla ya saa sita mchana, habari ziliingia kazini kwetu hapa Marekani: mwanamieleka Hulk Hogan kafariki Clearwater, Florida, moyo umesimama, miaka 71. Saa ya chakula ilipofika, meza ilikuwa imeshagawanyika. Mzee mmoja Mzungu, shabiki wake tangu ujana, alishindwa kumaliza kula. Mbele yake alikaa dada mmoja Mweusi, mtu mpole na mcha Mungu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mimi yule simlilii." Hakuna aliyemkemea. Hakuna aliyemwambia asubiri basi mtu azikwe.

Iliniuma, sitaficha. Mimi nimelelewa kwamba ukisikia fulani hatunaye, hata kama alikudhulumu shamba, unasema Mungu ampumzishe, mengine unayameza. Lakini mezani palikuwa na mtu wa tatu, kaka Mweusi wa rika langu, naye ndiye aliyenifanya niandike haya. Alisema Hogan ndiye aliyempendesha mieleka, na Hogan huyohuyo ndiye aliyemtukana yeye na mama yake bila kuwajua. Kisha akauliza kwa nini watu wanataka achague moja.

Jioni nikayapeleka mazungumzo yale kwenye kundi letu la tuliosoma pamoja huko nyumbani. Nilitarajia mjadala. Nilichopata ni "Acha Umarekani, mtu kafa."

Basi ngoja niseme vizuri ninachomaanisha.

Wa rika langu hawahitaji kuelezwa Hogan ni nani. Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka miaka ya tisini, kwa hiyo alitufikia kwa kanda, kwenye mabanda ya video, picha inacheza na sauti inakwama. Tulimjua kabla hatujawajua mawaziri wetu. Ndevu za manjano zilizoshuka mpaka kidevuni, mkono sikioni akisikiliza kelele za watu, fulana ikichanwa vipande viwili. Januari 1984 alimpiga Iron Sheik Madison Square Garden akachukua mkanda wa ubingwa, na kuanzia hapo mieleka ya Marekani ikatoka kwenye kumbi za mikoani ikawa biashara ya dunia nzima. Machi 1987, Pontiac, Michigan, alimnyanyua André the Giant, jitu la zaidi ya kilo mia mbili, akambwaga chini. WWF, kampuni ya mieleka aliyoipigania, walitangaza kwamba uwanjani walikuwamo watu 93,173. Wafuatiliaji wa mieleka wanaibishia hesabu hiyo mpaka leo, lakini hakuna anayebisha kwamba uwanja ulitikisika. Na kila mara alituambia watoto tusali na tumeze vitamini zetu. Kwetu vitamini zenyewe tulikuwa hatuzijui, ila kusali tulisali.

Huo ni upande mmoja, nao ni wa kweli. Sitaki mtu anipunguzie hata kidogo.

Upande wa pili nao ni wa kweli. Mwaka 1991, watu walipoanza kuuliza kuhusu dawa za kujenga misuli, alikaa kwenye televisheni akakana kwamba alizitegemea. Mwaka 1994, kwenye kesi ya bosi wake Vince McMahon, akiwa amekula kiapo, alikiri kwamba amezitumia miaka mingi. Jesse Ventura, mwanamieleka mwenzake aliyekuja kuwa gavana wa Minnesota, amesema kwa miaka mingi kwamba walipotaka kuanzisha chama cha wafanyakazi cha wanamieleka, aliyekwenda kuwachoma kwa bosi alikuwa Hogan. Wanamieleka hawana chama mpaka leo. Hesabuni wangapi wamekufa vijana au wamezeeka na migongo iliyovunjika bila pensheni, kisha mniambie hilo ni dogo.

Halafu kuna lile la mwaka 2015. Zilitoka kauli zake zilizonaswa faraghani mwaka 2007, akimlalamikia binti yake kwa kuwa na uhusiano na kijana Mweusi, akitumia mara kwa mara lile neno ambalo Weusi wa hapa wametukanwa nalo tangu utumwani. Na mwenyewe alisema kwamba yeye ni mbaguzi kwa kiasi fulani. WWE, ndiyo WWF ileile kwa jina jipya, wakavunja mkataba wake na kumwondoa kwenye orodha yao ya heshima. Julai 2018 wakamrudisha, akasimama mbele ya wanamieleka wenzake huko Pittsburgh kuomba radhi, na baadhi ya Weusi waliokuwamo mle wakatoka wakisema hawakuona toba, waliona mtu anayewaonya wenzake wajihadhari na vinasa sauti. Tarehe 6 Januari 2025, WWE walipoanza kuonyesha Raw, kipindi chao cha kila wiki, kupitia Netflix, alipanda ulingoni Inglewood, California, na ukumbi mzima ukamzomea. Wengine walimzomea kwa siasa, maana mwaka uliotangulia alichana fulana kwenye mkutano mkuu wa chama cha Republican. Lakini wengi walisema waziwazi kwamba wanazomea yale maneno. Hiyo ndiyo ikawa mara yake ya mwisho kuonekana kwenye Raw.

Sasa tazameni kilichofuata baada ya kifo. Kengele zilipigwa mara kumi ulingoni, kama desturi yao. Gavana wa Florida akaitangaza tarehe 1 Agosti kuwa siku ya Hulk Hogan, bendera zikashushwa nusu mlingoti kwenye majengo ya serikali. Na wiki hiyohiyo, kwenye magazeti, redioni na vijiweni, watu walikuwa wakisema ya Pontiac na ya 2015 kwa pumzi moja. Mtu analia, kisha anafuta machozi anasema, lakini alikosea, tena sana. Hilo sijaliona kwetu.

Kwetu tuna wasifu wa marehemu. Mnaujua. "Marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu, aliyeshirikiana na jamii bila ubaguzi. Ameacha mjane mmoja na watoto wanne." Na wote waliokaa chini ya turubai wanajua watoto ni sita. Wale wawili wamesimama pale karibu na uzio, sura zao ni za marehemu mtupu, mama yao kajifunika khanga mpaka machoni. Msomaji anajua na mchungaji anajua. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi anajua zaidi, maana ndiye aliyeamua majina yao yasiandikwe. Tunaitikia amina, tunapanga foleni ya kuaga mwili. Miezi mitatu baadaye tunashangaa kikao cha ukoo kimevunjika, msimamizi wa mirathi hajulikani ni nani, na vijana wawili wako Mahakama ya Mwanzo wakithibitisha kwamba baba yao alikuwa baba yao.

Hapo ndipo hasira zangu zilipo. Hogan alikuwa mtu wa kanda tu kwetu. Lakini ulimi uleule unaoniambia "acha, mtu kafa" kuhusu Hogan ndio uliowafuta watoto wale kwenye karatasi.

Najua mnachosema. Juzi tu alikuwa hapa akigombea daladala, leo anatufundisha kuzika. Mwacha mila ni mtumwa. Ndugu zangu, sijaacha mila. Nikiwa huku ndiyo nimeijua thamani yake. Jirani yangu alifiwa na mkewe, na siku ya pili yake nilimkuta peke yake anatoa takataka nje. Hakuna aliyelala kwake wala aliyempikia. Kwetu asingeweza hata kuufikia mlango kwa wingi wa watu. Nilipompelekea chakula alinitazama kama mtu asiyejua afanye nini nacho. Katika hilo hawa watu ni maskini kutushinda mara nyingi, nami ninawaambia hapahapa, kwa lugha yao.

Tena si kila wanalolisema juu ya wafu ni haki. Kuna waliosherehekea kifo cha Hogan ndani ya saa moja, wakiandika vitu ambavyo binti yake atavisoma. Hao siwatetei. Mzee wetu wa kazini alinyamaza siku nzima kwa ajili yao. Na kuna upande wao mwingine, wa kufuta. Mwanamieleka Chris Benoit alipoua mkewe na mwanawe mwaka 2007 kisha akajiua, kampuni ililiondoa jina lake karibu kila mahali, na mashabiki mpaka leo wanabishana kama mechi zake zitazamwe au la. Mimi naelewa kwa nini walifanya hivyo. Lakini kufuta jina na kulisafisha naviona vinafanana, kwa sababu vyote viwili vinamwokoa mtu asilazimike kueleza.

Wengine kwenye kundi walikuja kwa upole zaidi. Hayo ya ubaguzi, walisema, ni ugomvi wa Wamarekani na Wamarekani, sisi tunakumbuka mieleka tu.

Mnamkumbuka Kamala, yule wa mieleka? Yule "Jitu la Uganda", uso umepakwa rangi, kifuani na tumboni kachorwa nyota na mwezi, peku, mkuki mkononi, haongei lugha yoyote, anajipiga tumbo tu. Walimtangaza kwamba aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Katikati ya miaka ya themanini alizunguka Marekani akigombea mkanda na Hogan, na kazi yake ilikuwa kuwa Mwafrika asiye na akili ili Mzungu ampige watu wafurahi. Jina lake halisi lilikuwa James Harris, mtu wa Mississippi. Alieleza mara nyingi kwamba alilipwa kidogo kuliko wenzake. Kisukari kilimkata miguu yote miwili, akafariki Agosti 2020, na kwenye kundi letu hakuna aliyeandika hata pole. Sisi, ambao wengine tuna baba na wajomba waliopigana vita vya Kagera dhidi ya Amin, tulikaa kwenye banda la video tukashangilia kumwona "Mganda" akibwagwa. Tulikuwa watoto, hatuna kosa. Lakini tusiseme halituhusu. Tulikuwamo ndani ya onyesho lile, tukiwa ndio wanaopigwa.

Halafu likaja jibu zito kuliko yote, nalo nataka kulijibu kwa heshima. Kaka mmoja aliandika kwamba Mtume amekataza kuwatukana wafu, kwani wamekwisha yafikia waliyoyatanguliza. Ni kweli, na dini zetu zote zinafundisha kumsitiri marehemu. Kumtukana Hogan sitaki. Lakini kaka, wewe umezika watu wengi. Kabla jeneza halijanyanyuliwa, ni nani anayesimama kwanza? Ni msemaji wa familia, naye anasema: kama kuna anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, awaone wanafamilia. Hakuna anayesema hilo ni tusi. Tunaliita kumrahisishia safari. Tunajua kwamba mtu hazikwi akawa amelipa, na kwamba kukitaja anachodaiwa ni kumtendea wema yeye na walio hai.

Ninachouliza ni kwa nini tangazo lile linaishia kwenye shilingi. Aliyekopa laki mbili atatajwa. Aliyemvunja mkewe mkono hatajwi. Aliyemkataa mtoto hatajwi. Mwanamke aliyepigwa miaka kumi na tano anakalishwa kwenye mkeka akisikiliza jinsi mumewe alivyokuwa mpole, na akithubutu kutikisa kichwa, mashemeji watasema alikuwa anasubiri afe. Huyo naye anadai, lakini hakuna aliyemwambia ajitokeze.

Sisemi tusome makosa ya mtu kwa kipaza sauti mbele ya watoto wake. Nasema tuache kuandika uongo kwenye karatasi. Ukishindwa kutaja, nyamaza, usimsifu kwa jambo ambalo ndilo hasa alilowaumizia watu. Na orodha ya watoto iwe orodha ya watoto. Hilo halihitaji viza ya Marekani.

Kuhusu Hogan mwenyewe, mimi naona anadaiwa na deni lake hakulimaliza. Radhi ya Pittsburgh aliowaomba waliikataa wengi, naye alipewa miaka saba ya kujaribu tena. Hapohapo, mechi yake na mwanamieleka The Rock, Toronto, Machi 2002, watu waliopaswa kumzomea wakasimama kumshangilia mpaka wanamieleka wenyewe wakabadili mchezo katikati, mimi sijaona kitu cha kuifikia na sitaacha kuitazama. Niliitazama tena wikiendi ile na mwanangu wa kwanza, amezaliwa hapahapa. Ilipokwisha nilimweleza Hogan alisema nini juu ya vijana wa rangi yake. Aliniuliza kwa nini basi tumemtazama. Nilimjibu kwamba yote mawili ni yake Hogan na nilitaka ayajue yote mawili. Hakuridhika. Yeye anasema angekuwa Inglewood usiku ule angezomea. Mimi ningekaa kimya. Tumebishana mpaka usiku, na bado hatujakubaliana.