Heri Yao Wanaovaa Chupi Juu ya Suruali

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mwanjelwa. Jina langu la kwenye kitambulisho hakuna anayelijua. Sokoni naitwa Fundi Mrefu, na kwa ajili ya jina hilo kuna hela yangu ilikwama benki. Nitafika huko. Kwanza habari ya karatasi.

Fundi hakati kitambaa hivihivi, anakata pateni kwanza, na pateni inataka karatasi. Zamani tulikuwa na magazeti. Siku hizi habari zote ziko kwenye simu, na simu huwezi kuikatia kola. Basi mwezi wa sita, katika ile baridi ya Mbeya inayomfanya mtu asali akiwa amejifunika shuka, nikapita kwa kijana anayeuza vitabu vya mtumba, nikachukua rundo la magazeti ya rangi, yale ya hadithi za katuni, kwa elfu tatu. Karatasi imara, na kila ukurasa umejaa wanaume waliojaza vifua, wamevaa chupi juu ya suruali. Nikasema safi, hapa pateni ya kaptura imeshachorwa tayari.

Ndiyo kwanza nimeshika mkasi, Lusajo akaingia kutoka shule. Yuko kidato cha pili. Alipiga yowe nikadhani sindano imemwingia mtu.

"Baba, usikate! Huyo Spider-Man!"

"Ndiye nani?"

"Mtu Buibui! Alianza mwaka 1962, mwezi wa nane!"

Mtoto huyu ukimuuliza Vita vya Majimaji vilianza lini anatazama dari.

Tangu siku hiyo pateni nakatia kwenye mifuko ya saruji. Wateja wanalalamika kuwashwa shingo, nawaambia ni kitambaa kipya. Jioni mimi napiga pindo, Lusajo ananisomea, maana Kiingereza changu ni cha kusukuma kama Noah bovu. Na nilichogundua ni kwamba wale watu wananyanyua malori kwa mkono mmoja, lakini mkosi wao na wangu ni toka nitoke.

Chukua huyo Buibui. Yatima, analelewa na ndugu wa baba yake, anaitwa Ben, na mkewe May, huko New York. Akaumwa na buibui mwenye mionzi, akapata nguvu, akaanza kuringa kama kijana yeyote aliyenunua bodaboda juzi. Siku moja mwizi akapita mbele yake mbio, askari anapiga kelele akamatwe, yeye akajikausha. Si kazi yake. Mwizi yuleyule akaja kumuua Ben.

Lusajo alipofika hapo akanyamaza, akaniangalia. Nikamwambia endelea kusoma, unaangalia nini? Ni kweli wiki mbili nyuma kibaka alipita kibandani kwangu na simu ya watu, na ni kweli nilivuta miguu asijikwae. Jioni pasi yangu ya mkaa haipo. Lakini hayo ni mambo ya pasi, watu wazima hawakumbushani.

Sasa cheki. Mwaka 1963, katika toleo la kwanza kabisa la gazeti lenye jina lake, Buibui anafanya maonyesho jukwaani apate hela ya kumsaidia shangazi. Jina lake hataki kulitaja, basi cheki ikaandikwa kwa jina la Spider-Man. Akaenda nayo benki vilevile na nguo zake. Wakamwomba kitambulisho. Akawaonyesha nguo. Wakamjibu kwamba nguo kila mtu anaweza kuvaa.

Niliposikia hivyo niliacha cherehani. Kwa sababu kuna shule, siitaji, iliniagiza sare 40 mwezi wa kwanza. Nilishona mpaka macho yakawa mekundu, mwezi wa pili wakanipa cheki, imeandikwa kwa wino mzuri kabisa: Fundi Mrefu. Dada wa dirishani akataka kitambulisho. Humo hakuna Fundi wala hakuna Mrefu. Nikasimama wima, nikanyoosha shingo, nikamwambia, dada yangu, hebu nitazame, urefu si ndio huu? Akanitazama vizuri tu, kuanzia chini mpaka juu, ilimchukua muda. Akasema, "Kaka, warefu ni wengi. Anayefuata!"

Halafu Buibui akatafuta kazi ya kupiga picha. Anajipiga picha mwenyewe akipambana na wahalifu, anampelekea mhariri mmoja, Jameson, mzee ana masharubu na sigara. Mhariri anazinunua kwa bei ya kutupa, kesho yake anazitoa ukurasa wa mbele na kichwa cha habari kwamba huyu Buibui ni hatari kwa jamii. Yaani anamuuzia mtu fimbo ya kumchapia.

Mama Lusajo akacheka, akasema, "Baba Lusajo, hiyo si ile suti?"

Ndiyo hiyo. Nilimshonea mwenye nyumba wangu suti ya vipande vitatu, rangi ya kijivu, tukakubaliana atakata kwenye kodi. Hajakata hata senti. Jumapili ikafika, wakati wa matangazo akasimama kanisani ndani ya suti ile, akaomba tuwaombee wapangaji wenye mioyo migumu. Kanisa zima likageuka kunitazama. Mimi nilikuwa natazama bega lake la kushoto. Limekaa vizuri sana.

Kama fundi, nina neno pia kuhusu vazi la Buibui. Analishona mwenyewe, na hapo nampa heshima yake, lakini analo moja, linachanika kila toleo, na usiku anakaa kitandani kutia viraka. Fundi wa kujishonea mwenyewe hakuna wa kumdai. Halafu ni la kubana mwili mzima. Sijui New York kukoje, ila hapa Uyole mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umelala barabarani, vidole vingekakamaa kabla hajamkamata hata mwizi wa kuku. Na ule utando anaurusha kwenye maghorofa. Kutoka Kabwe mpaka Uyole angening'inia wapi, kwenye vibanda vya chipsi? Kule juu Loleza kuna minara, sawa, lakini kilele kiko mita 2,656 kutoka usawa wa bahari, mpaka ufike mwizi ameshavuka Tunduma. Angepanda bajaji kama sisi, akakaa mbele na dereva, nusu ya makalio nje, na bado angedaiwa chenji.

Anayeniudhi kikazi ni yule Hulk, mtu anayegeuka jitu. Naye ni wa 1962. Toleo la kwanza alikuwa wa kijivu, kijivu kikawasumbua wachapaji, toleo la pili akatoka kijani. Hilo halinishangazi, nimeshashona kitambaa cheusi kikafuliwa mara moja kikawa rangi ya chai ya mkandaa. Kinachoniuma ni suruali. Mtu anavimba mpaka shati linakuwa matambara, viatu vinaruka, suruali imebaki palepale kiunoni. Kila toleo! Mimi nilimshonea mwimbaji wa besi suruali ya Pasaka, ikapasuka kwenye Haleluya ya kwanza, na alikuwa mstari wa mbele. Nani fundi wake Hulk? Anatumia uzi gani? Hayo ndiyo mambo ya kuandika, wao wanaandika ngumi.

Lusajo akanieleza kwamba huyo Hulk ni mwanasayansi, aliingia kwenye matatizo kwa sababu alikimbilia kumwokoa kijana aliyeingiza gari kwenye uwanja wa kujaribia bomu. Kijana akapona, mionzi ikampiga mwokozi. Kuna mwingine, Daredevil, wa 1964: alimsukuma mzee asigongwe na lori, vitu vya mionzi vikamwagika kutoka kwenye lori hilohilo, vikampofusha. Mzee akaenda zake. Baadaye akawa mwanasheria, na mwaka 1986 mwanamke aliyewahi kumpenda akaiuza siri yake kwa ajili ya dawa za kulevya. Adui akamfungia akaunti benki, akamnyang'anya leseni ya uwakili, akamlipulia na nyumba. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Hawa wakitenda wema hawaendi popote, wanabebwa.

Na mimi nilibebwa. Mama mmoja pale Kabwe alikuwa na gunia la viazi vya Isyonje, lumbesa, lile lenye kilemba juu kirefu kuliko gunia lenyewe. Akaniita, "Mwanangu mrefu, nipandishie kwenye bajaji." Nikainama. Wakati wa kuinuka mgongo ukasema ka. Gunia lilipanda, mimi nilibaki nimekunjika kama ndoano. Mama wa watu akaniambia ndaga fijo, asante sana, bajaji ikaondoka.

Hapo usiniletee habari za Batman. Najua, wazazi wake waliuawa mbele ya macho yake akiwa mtoto, hilo namsikitikia. Najua mwaka 1993 jitu linaloitwa Bane lilimvunja mgongo kwenye goti. Lakini yule ni tajiri, ana jumba, ana mzee Alfred wa kumletea supu kitandani. Mimi nililala siku tisa nikiuguzwa na mama mkwe, aliyekuja kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi, akakaa pembeni ya kitanda changu kunisimulia habari za yule kijana aliyemchumbia binti yake kabla yangu. Sasa hivi ana Fuso mbili.

Usiku mmoja Lusajo alisoma ile ya Gwen, mchumba wa Buibui, ya mwaka 1973. Adui anamtupa binti kutoka juu darajani, Buibui anarusha utando, unamdaka. Anamvuta juu kwa furaha, anamsemesha. Kumbe shingo ilishavunjika, na huenda ni ule utando wenyewe, kwa jinsi ulivyomkamata ghafla. Lusajo hakutafsiri tena. Mama Lusajo akaenda jikoni bila kazi ya jikoni. Mimi nilitoboa mfuko wa shati mahali pasipotakiwa, nikaufumua, nikaushona upya.

Ila kilichoninyima usingizi hasa ni cha Robin, msaidizi wa Batman. Si yule wa kwanza, huyu ni wa pili, Jason Todd. Mwaka 1988 wakamchora amelipuliwa na bomu, halafu nyuma ya gazeti wakaweka namba mbili za simu. Ukitaka apone, piga hii. Ukitaka afe, piga hii. Kila simu senti 50 za dola. Waliotaka apone, 5,271. Waliotaka afe, 5,343. Kijana akafa kwa kura 72. Watu 72, kwa Costa zetu za hapa hao ni Costa mbili, na kondakta bado anaita kuna siti!

Watu walitoa hela mfukoni. Nikageuka huku, nikageuka kule. Kumbe hawana mkosi hata kidogo. Kuna mtu amekaa mahali pazuri, ana kahawa na kalamu, anawapangia, na kuna wengine wanalipa ili aendelee. Sasa mimi nani ananiandika? Maana haiwezekani umeme ukatike saa kumi jioni, kesho harusi, nina magauni sita ya wasimamizi hayajawekwa zipu. Nikahamia cherehani ya miguu, mkanda ukakatika. Nikainuka kutafuta mkanda, mlangoni amesimama kijana wa ule mkopo wa kausha damu na daftari lake. Mfululizo huo si bahati mbaya, huo umepangwa na mtu aliyesoma. Nilichobakiwa nacho ni silaha moja ya mafundi wote duniani. Nikawaambia wote waje Ijumaa.

Juzi natafuta chaki kwenye begi la Lusajo, nikakutana na daftari la Jiografia. Jiografia yenyewe imeishia ukurasa wa nne. Kuanzia hapo ni michoro: jitu refu, tepu shingoni, sindano mdomoni, kifua kipana kuliko mlango. Juu ameandika kwa herufi kubwa, FUNDI MREFU, TOLEO LA TATU. Nikiri kwamba macho yalinilenga machozi. Nikafungua. Ukurasa wa kwanza naibiwa pasi. Wa pili nakataliwa benki. Wa tatu lumbesa.

"Lusajo! Mbona sishindi hata mara moja?"

"Ulishinda toleo la kwanza, Baba. Hawakununua."

Kumbe analikodisha shuleni, shilingi mia mbili kulisoma. Na ukurasa wa mwisho kuna swali: Je, mwenye nyumba amtoe Fundi nje? Ndiyo au Hapana. Kura moja, mia mbili.

Nikakaa kwenye stuli. "Matokeo yakoje?"

"Ndiyo 34, Hapana 29."

"Hao ni wanafunzi watupu?"

"Na walimu wawili. Na bibi wa Tukuyu, kwa simu."

"Bibi alipiga ipi?"

Mtoto akatazama dari, ile dari yake ya Majimaji. "Alituma elfu moja, Baba."

Nikapapasa mfukoni. Nina mia nane.

"Mnafunga lini?"

"Ijumaa."

Nikampa mia nane yote, kura nne za Hapana. Zilizobaki nikamwambia aje Ijumaa.