Nilisema Babu, Jamani

Kuna daftari moja huko milimani Sulawesi, kisiwa cha Indonesia, lenye jina langu kamili, la baba na la babu, na mbele yake pameandikwa nguruwe. Mmoja. Mimi, mtoto wa Ngamiani, Tanga, niliyechapwa fimbo za madrasa mpaka nikahitimu, nawadai watu nguruwe.

Ilikuwa Julai, nina wiki tatu tu Makassar nilikokwenda kusoma. Kiindonesia nilikiona mteremko. Dunia kwao ni dunia, bendera ni bendera, kabar ni habari, waktu ni wakati, kertas ni karatasi. Nikajiambia, hii lugha ama wametuibia ama tumewaibia, vyovyote iwavyo mimi ni mwenyeji. Maneno ya chakula nilijua ya ninavyokula: nasi, ayam, ikan. Nisichokula sikuona sababu ya kujifunza jina lake.

Rafiki yangu wa bweni, Mtoraja, kabila la huko milimani, akanialika kwao. Wanamzika babu. Nikampa pole, nikamuuliza kafariki lini. Akasema mwaka jana, mwezi wa tano. Nikadhani Kiingereza chetu cha kuchechemea ndicho kimetuangusha.

Hakikutuangusha. Kule mtu akikata roho hajafa bado, ni mgonjwa. Anatiwa dawa asiharibike, analazwa ndani ya nyumba, anapelekewa chakula na sigara, huku ukoo ukikusanya nyati, nguruwe na fedha za maziko. Babu huyu aliugua hivyo miezi kumi na minne.

Tukapanda basi la usiku mpaka Rantepao, zaidi ya kilomita 300, kisha gari la mizigo kuupanda mlima Sesean, na barabara ilipokata tamaa tukashuka tukatembea. Mtu wa pwani nilikuwa natoa moshi mdomoni kama birika. Kila nyumba tuliyopita wakaniuliza, "Manasumo raka?" Rafiki akanitafsiria: wali umeiva? Mimi nikajibu ukweli, kwamba bado, sijala. Wakanilisha. Nyumba ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ndipo aliponitonya, pumzi zikinipanda, kwamba hiyo ni salamu tu, unajibu "manasumo" unapita zako. Ungeniambia mapema ndugu yangu.

Kijiji ni kizuri mpaka unajisikia mchafu. Nyumba za ukoo, tongkonan, zimepangwa mstari mmoja zikitazama kaskazini, mapaa yamepinda kama majahazi, na mbele ya kila moja mti mrefu uliosheheni pembe za nyati waliochinjwa misibani. Ng'ambo ya uwanja yamepangwa maghala ya mpunga yenye mapaa kama hayo hayo. Kulikuwa na watalii wa Kifaransa, na mama mmoja kati yao alimuuliza ami wa rafiki yangu nyumba ile inauzwa bei gani. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Ile ni mali ya ukoo mzima, waliokufa na wasiozaliwa, akasema, yeye hana uwezo wa kuuza hata msumari wake mmoja. Na nyumba ya kijadi ya namna ile haina msumari hata mmoja.

Mashamba ya mpunga ndiyo yanayogawanywa, na hapo sikucheka. Kwa mila yao, mtoto anapata urithi kwa kadiri ya nyati aliowachinja kwenye maziko ya mzazi. Kwa hiyo baba wa rafiki yangu na ndugu zake walikuwa wanaombolezea marehemu kwa jicho moja, na jicho la pili linahesabu mazizi ya wenzao. Nyati wa madoadoa, tedong bonga, anafika mamia ya mamilioni ya rupia. Gari hilo, linakula majani.

Sasa na mimi, mtoto wa watu, siwezi kwenda msibani mikono mitupu. Jioni ile rafiki yangu yuko juu ya banda la wageni anafunga mianzi. Nikaona nijitegemee. Nikahesabu noti ishirini nyekundu, maana kwetu noti nyekundu ni elfu kumi, jumla laki mbili, rambirambi ya heshima kwa mwanafunzi. Nikamfuata baba yake, nikainama, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Kiindonesia changu chote nikakitoa siku hiyo: "Ambe', ini uang untuk babu." Baba, hizi ni fedha kwa ajili ya babu.

Mzee akanitazama sana. "Babi?"

Nikajua ni lafudhi ya milimani. "Babu, babu."

Akachungulia fedha, akanyanyua kidole kimoja. "Satu?"

Mmoja? Nikashangaa, kwani babu walikuwa wangapi? "Satu," nikamjibu.

Akanishika mkono, machozi yakamlenga. Nikaenda kulala nikijiona balozi.

Asubuhi wageni wakaanza kuingia uwanjani kwa maandamano, kila kundi na zawadi yake. Mzee akaja kunichukua mwenyewe, akanivika nguo nyeusi, akaniweka mbele ya kundi letu. Nyuma yangu nikasikia ukelele ambao kwetu hausikiki ila redio ikiharibika. Sikugeuka, nikaona si adabu. Kipaza sauti kikatangaza maneno marefu, nikakamata mawili tu: "Afrika" na "babi". Nikainua mkono kusalimia umma. Umma ukapiga makofi. Wafaransa wakanyanyuka na kamera zao.

Ndipo nikageuka. Vijana wanne wamebeba mianzi mabegani, juu yake amefungwa nguruwe, mnene, ananitazama kama anayenifahamu. Ubavuni ameandikwa kwa rangi nyekundu: AFRIKA.

Babi ni nguruwe. Na hiyo picha ya mimi nimepunga mkono ipo Ufaransa hadi leo.

Bado nikavutwa mpaka mezani, anapokaa mwandishi wa daftari, maana kila mnyama anaandikwa, na serikali nayo ina kodi yake hapo. Akauliza jina. Nikamtajia majina yangu matatu, yote ya mitume na masahaba. Akasimamisha kalamu. Akamtazama nguruwe, akanitazama mimi, akaniomba nirudie.

Rafiki yangu alipofika na kuelezwa, alikaa chini ya ghala la mpunga akalia kwa kicheko, msibani kwa babu yake. Akaniambia pia noti nyekundu ni laki moja moja. Nilikuwa nimetoa milioni mbili. Mwezi ule uliobaki nilikula tambi.

Nikamsihi mwandishi afute, aandike sukari, aandike sigara, chochote. Akatikisa kichwa. Zawadi ya msibani kwao si sadaka, ni deni, na daftari halifutwi. Nikasema nimewasamehe. Akasema deni la nguruwe halisamehewi, linarithiwa, siku yangu ya msiba watarudisha mnyama wa ukubwa ule ule. Kisha akauliza kwa upole mkubwa, "Wazazi wako wapo hai?"

"Baba ameshatangulia. Mama yupo."

Akaandika.

Kwa upande mwingine walinitunza kuliko mfalme. Nilipikiwa samaki peke yangu, sufuria mpya, na bibi mmoja alikaa pembeni kuhakikisha hakuna kijiko kilichotoka kwenye vyungu vyao. Sijapata kuheshimiwa msikiti wangu namna ile na watu waliokuwa wamebeba nguruwe wangu.

Sasa niko nyumbani. Kila Idi rafiki yangu hupiga simu, na baada ya salamu huuliza afya ya mama, kwa undani, presha, miguu, usingizi. Zamani ningeona ni upendo tu. Mwaka huu nikaona nimwambie mama ukweli, kwamba siku yake ikifika, katikati ya khitma pale Ngamiani, huenda wakashuka watu na mianzi mabegani.

Mama alinyamaza, akavuta mtandio wake.

"Mwanangu, hao watu wapigie sasa hivi. Waambie mama hajambo kabisa. Na uwe unawaambia kila Ijumaa."