Haibridi ya kwendea kazini: gredi ya chini inaonewa

Mtu akianza tu kuulizia Toyota Axio haibridi, ile ya petroli na umeme, ya kwendea kazini, jibu ni lilelile kwa kila anayemuuliza: chukua G, ile gredi ya juu, ya kawaida achana nayo, hiyo ni gari ya kampuni, utajuta siku ya kuuza. Juzi limerudi tena nyumbani kwetu. Shemeji yangu anakaa Tegeta, kazi iko Posta, kachoka kusimama kwenye daladala, na hela aliyonayo inamtosha kuchagua moja kati ya mbili, Hybrid G ya 2014 au Hybrid ya kawaida ya 2016. Ukoo mzima umempigia kura G. Nimebaki peke yangu upande wa pili, na nataka nieleze kwanini, bila kuwadharau wa upande ule maana na wao wana hoja.

Ubishi wa haibridi au petroli tupu siurudii hapa, kwa mtu wa foleni ya Bagamoyo Road ulishaisha zamani. Kompresa ya AC kwenye hizi gari inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, kwahiyo umesimama Lugalo dakika kumi injini imezima na bado unapata ubaridi, inawaka kidogo tu pale betri inapohitaji chaji halafu inazima tena. Kwa joto la Dar na unyevunyevu wake hiyo peke yake inatosha.

Sasa, kitu ambacho watu wanasahau wakisema G ni kwamba chini ya boneti hizo gari mbili ni gari moja. Injini ni ileile 1NZ-FXE ya cc 1,496, mota ni ileile, betri ni ileile ya nikeli ya volti 144 iliyolala chini ya siti ya nyuma, tenki ni lileile la lita 36. Toyota walipoitoa Axio haibridi kule Japani mwaka 2013 waliitangazia kilomita 33 kwa lita kwa kipimo chao cha JC08, namba ambayo kwa foleni zetu usiitegemee, ila inakuonyesha hesabu ilifanywa juu ya mfumo, na mfumo haubadiliki kwa sababu umeongezewa herufi G nyuma ya buti. Unachoongeza hela pale ni vitambaa vya siti, ngozi ya usukani, mapambo ya ndani na vifaa vya starehe.

Na starehe sio kitu kidogo, hapa nawapa haki yao. Mtu anayekaa kwenye gari masaa matatu kwa siku, asubuhi Tangi Bovu, Mwenge, Sayansi, halafu jioni arudi njia ileile, siti nzuri na usukani mzuri anavihisi mwilini. Halafu kuna kuuza. Mnunuzi wa Dar anaangalia kwa macho kwanza, akiona gari imependeza anafika bei, akiona rimu za chuma zenye vifuniko vya plastiki anaanza kushusha hata kama injini ni nzima kabisa. Hilo lipo na siwezi kulipinga. Hoja yao ya tatu ndio nzito zaidi: wanasema gredi ya juu ina usalama.

Hiyo hoja ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike, kwa sababu kwenye Axio ukiifuatilia vizuri inageuka. Ule mfumo wa Toyota wa kuzuia ajali, wenye kamera na leza, ambao unakuonya unapoikaribia gari ya mbele na ukichelewa unasaidia kushika breki, pamoja na onyo la kuhama mstari na taa zinazojishusha zenyewe, uliingia kwenye Axio mwaka 2015. Sio kabla ya hapo. Kwahiyo G ya 2014, na urembo wake wote, haina huo mfumo kabisa, wakati ya kawaida ya 2016 inaweza kuwa nao. Sijasema ni lazima iwe nao, angalia kioo cha mbele, juu karibu na kile kioo kidogo cha kuangalia nyuma, kuna kiboksi chenye kamera, kikiwepo mfumo unao. Kwa maneno mengine usalama kwenye hii gari uliletwa zaidi na mwaka kuliko gredi, na anayepanda gredi kwa kurudi nyuma miaka anaweza kujikuta kaupunguza usalama aliokuwa anaufuata. Pia tusiupe sifa kupita kiasi. Ule mfumo wa mwanzo ulitengenezwa kuona magari, haukuwa wa kutambua mtu anayevuka kwa miguu, na sisi tunajua hatari ya barabara zetu iko wapi, ni mama aliyebeba beseni anavuka jioni na bodaboda inayotokea kushoto bila taa.

Mwaka una faida nyingine ambayo haionekani kwenye picha. TRA, mamlaka ya mapato, wanatoza ushuru wa uchakavu gari ikifikisha miaka 8, na ikivuka 10 kiwango kinapanda tena. Yani pesa ya gredi wakati mwingine unaipoteza bandarini kabla hujakaa hata kwenye hiyo siti nzuri.

Ila jambo linaloniumiza zaidi ni tairi, na hapa naomba uvumilivu kidogo.

Wamarekani wana wakala wao wa serikali, EPA, anayetoa makadirio rasmi ya ulaji wa mafuta, na gredi tofauti za gari moja zinaweza kupewa namba tofauti, kwahiyo kwao unaweza kuona gari moja ikivalishwa nguo mbili. Corolla haibridi ya 2023 gredi ya LE, ya chini, ilipata maili 50 kwa galoni, hiyo ni kama kilomita 21.3 kwa lita. Gredi ya SE, injini ileile, betri ileile, ikapata 47, yani kama kilomita 20. Hyundai Elantra haibridi ndio hivyohivyo, ile ya Blue ilipewa 54 na Limited 50. Tofauti kubwa unayoiona ukiziweka pembeni kwa pembeni ni miguu, yani rimu na tairi. LE inavaa 195/65 ya inchi 15 (upana milimita 195, urefu wa ukuta asilimia 65 ya huo upana), SE inavaa 225/40 ya inchi 18, Elantra ya Blue inchi 15 na Limited inchi 17. Rimu kubwa mara nyingi ni nzito, tairi pana lina mkokoto zaidi barabarani, na gari ya foleni inaanza upya kuvuta ule uzito kila mita hamsini, breki zinairudishia betri sehemu tu ya nguvu, sio yote.

Wengi wakifika hapa wanapiga hesabu ya mafuta, na mimi nimeipiga. Shemeji akienda na kurudi ni kama kilomita 50, kwa siku 22 za kazi ni kilomita 1,100. Kwa kilomita 21.3 kwa lita anatumia lita 51.6, kwa kilomita 20 anatumia 55. Tofauti ni lita tatu na nusu hivi kwa mwezi, ukiweka lita kwa 2,900 ni kama elfu kumi. Elfu kumi kwa mwezi haimfanyi mtu abadilishe gari, na anayekwambia gredi ya chini itakutajirisha kwa mafuta anakudanganya.

Ishu ni ukuta wa tairi. Ile 195/65 ina ukuta wa milimita 127 kutoka rimu mpaka chini. Ile 225/40 ina milimita 90. Zimepungua milimita 37, weka vidole viwili pamoja uangalie, ndio mpira uliokuwa unasimama kati ya rimu yako na shimo. Sasa toka Bagamoyo Road uingie mitaa ya ndani huko Tegeta baada ya mvua za masika, maji yamejaa shimo, huoni kina, mbele bajaji imesimama ghafla, nyuma kuna mtu anapiga honi, huna pa kukwepea. Tairi ya ukuta mrefu inaingia, inabonyea, inatoka. Ya ukuta mfupi haina pa kubonyea, inabanwa kati ya ncha ya lami na rimu, nyuzi za ndani zinakatika. Nimeshasimama kwa fundi pancha na jirani yangu aliyekuwa kanunua Toyota yake ikiwa nzuri sana, imeshavalishwa inchi 18 tayari. Fundi akaizungusha tairi polepole, akapitisha kiganja ubavuni, akasimama mahali pamoja, kuna nundu kubwa kama yai. Akasema, "Kaka, hii hairekebishiki, ikipasuka spidi utaumia." Rimu nayo ilikuwa imepinda mdomo. Jirani alikuja kwa pancha akaondoka anatafuta tairi mbili, kwasababu moja mpya na moja iliyoisha kwenye ekseli moja haziendi, na saizi ile alizunguka sana kuipata. Inchi 15 unaipata kila kona ya mji huu, mpya na mtumba.

Ongeza na hili, haibridi nyingi za Japani zinakuja bila tairi ya spea, kuna chupa ya dawa ya kuziba pancha tu kwenye buti. Dawa inaziba tundu la msumari, haizibi ubavu uliopasuka.

Utasema Axio haina inchi 18. Kweli, kiwandani inatoka na inchi 15, na ndio maana naililia: gari imetoka kwao ikiwa na miguu inayofaa barabara zetu, inafika hapa tunaivua kwa sababu rimu za chuma zinaonekana za kimaskini. Gredi ya chini inadharauliwa kwa kile kitu hasa ambacho kingemsaidia mwenye gari.

Halafu betri. Watu wanaiogopa na wana haki ya kuiogopa, ila sijaona anayeilinda kwa bajeti. Betri inapozwa na feni inayovuta hewa ya humohumo ndani ya gari kupitia tundu la huko siti ya nyuma. Ukiendesha madirisha wazi kwenye vumbi, au ukibeba mizigo na nguo zikaziba lile tundu, feni inajaa uchafu, betri inapata joto na inazeeka mapema. Fundi wa haibridi akinyanyua ile siti na kutoa feni utaona, utando wa vumbi na manyoya umekaa kama blanketi jembamba. Gari ya 2014 imelibeba hilo joto miaka miwili zaidi ya gari ya 2016, na betri haijui kama ilikuwa kwenye G. Mimi ningemwambia shemeji hela yoyote atakayobaki nayo aiweke kando kwa jina la betri, asafishe feni kila anapofanya sevisi, na kipimo cha betri kifanywe kabla hajalipa.

Kuna mtu ambaye ningemwambia achukue G na nisingesita. Kama gari mbili ni za mwaka mmoja, hali moja, na tofauti ya bei ni ndogo, chukua G, hapo unaongeza starehe bila kutoa chochote. Au kama kila wiki unasafiri Morogoro usiku, tafuta gredi yenye taa bora na ule mfumo wa kamera, lipia, na ujue kwamba kioo cha mbele kikipasuka, kamera lazima ipangwe upya na sio kila fundi kioo anaweza. Shemeji hayumo humo. Yeye ni Tegeta na Posta, siku tano kwa wiki, watoto wawili shuleni, na shimo la kwake liko mita mia mbili kutoka getini.

Jumamosi tunaenda yadi kuiangalia ile ya 2016. Muuzaji ameshatuma picha, kaivalisha spoti rimu nyeusi za inchi 17 na anasema hajaongeza bei. Nimemwambia shemeji swali la kwanza liwe rimu za mwanzo ziko wapi na tairi zake zina hali gani, na zikiwepo, zifungwe kabla ya kujaribu gari.