Kipanga Aliyekwenda na Giza

Ofisi ya walimu ina ubishi mmoja usiokwisha: mwanafunzi hodari akiharibikiwa, mwalimu aliyekuwa akimlea ana lawama? Wenzangu wengi husema hana. Nami nilikuwa upande wao tangu 2023, mpaka nilipolifungua tena daftari la mahudhurio.

Kisa chenyewe kifupi. Nafundisha hisabati katika sekondari moja hapa Kigoma, shule ambayo ukisimama dirishani unaliona ziwa. Kidato cha pili nilipata kijana ambaye ukiandika swali ubaoni, jibu analo kabla hujapangusa chaki mikononi. Wenzake walimwita Kipanga. Na ukorofi alikuwa nao: alipigana, alimjibu ovyo mwalimu wa zamu, asubuhi moja aliingia darasani ananuka gongo. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la sita. Mama alikuwa kibarua pwani ya Kibirizi, anaanika dagaa wa watu. Nikajitwika malezi yake: daftari, tuisheni ya bure jioni, uji nyumbani kwangu. Akaanza kukatika, kisha kidato cha tatu akapotea moja kwa moja. Siku 90 za utoro mfululizo zilipotimia, jina lake likatakiwa ofisini ili afutwe. Mwalimu wa darasa nilikuwa mimi, nikaliandika kwa barua.

Wanaonitetea wana hoja nzito. Darasa lile lilikuwa na watoto zaidi ya sabini. Elimu bila ada, iliyoanza 2016, iliondoa ada. Haikuleta unga nyumbani. Mtumbwi ukirudi alfajiri na dagaa wa kutosha, kijana wa miaka 16 anapata mgawo wake palepale pwani. Mimi nilikuwa namwahidi neema ya baada ya miaka saba, kama mkopo wa chuo utapatikana. Hapo nani mwenye hesabu nzuri?

Yupo mwenzangu mmoja, mwalimu wa kike mwenye miaka mingi kazini, aliyenichoma zaidi. Alisema mwalimu anayelialia kwamba "nilimpoteza yule mtoto" anajipa ukubwa asio nao. Mama mzazi alimuaga mwanawe kila jioni akiingia majini usiku, wala hakuna aliyemwuliza moyo wake ukoje. Wewe wa vipindi vinne kwa wiki umepata wapi haki ya kubeba msiba? Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona ana haki kwa sehemu kubwa. Kifo cha baba, njaa, ile hasira: hivyo sikuvileta mimi na nisingeviondoa. Ule msemo wa samaki mkunje angali mbichi hutupa walimu kiburi bure. Aliyewahi kushika mgebuka mbichi anajua unavyoponyoka.

Lakini daftari. Nilikuwa napanga makaratasi ya zamani, nikakuta ukurasa wa kidato cha pili. X zake hazikuwa zimetawanyika. Zilikuja kwa mafungu: siku kumi na kitu zimejaa, halafu tiki tupu, halafu X tena. Nikahesabu kutoka fungu hadi fungu: siku 29, siku 30. Kila mtu wa hapa anajua maana yake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wakivutwa na taa. Mbalamwezi ikiwaka taa hazifui dafu, na wavuvi wanapumzika. Mtoto alikuwa anasoma kwa mbalamwezi na kuvua kwa giza. Nami ndiye mtu ninayelipwa kuwafundisha watoto kuutambua mfuatano wa namba!

Macho mekundu niliyoyasoma kuwa ya gongo, mara moja yalikuwa ya gongo kweli. Siku nyingine yalikuwa ya mtu aliyekesha kando ya taa, na nilimpeleka akachapwa kwa kusinzia. Hata tuisheni yangu ya hisani niliiweka saa kumi na moja jioni, saa ambayo mitumbwi inapakia taa na nyavu. Alikuwa akitazama nje kila dakika, nikamwambia hana adabu.

Basi kwa mizani yangu lawama ipo, ila ina ukubwa wake, na inahesabika. Ipo saa kumi na moja. Ipo ile fimbo. Na ipo barua niliyoiandika mwaka 2023 bila kumwambia yeye wala mama yake kwamba Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 unawaruhusu waliokatiza masomo warudi. Waraka ulikuwa kabatini, mita mbili kutoka kiti changu. Mwaka uliofuata Serikali ikafunga uvuvi Ziwa Tanganyika, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Miezi mitatu vijana wamekaa pwani hawana kazi, hakuna giza wala mbalamwezi ya kusingizia. Sikwenda.

Nilikwenda mwaka huu. Anatengeneza injini za mitumbwi. "Shikamoo mwalimu," akaendelea kufuta plagi. Nikamtajia masomo ya watu wazima. Akacheka, akaniuliza nani atakula vitabu nyumbani kwake. Wakati naondoka akanifungia dagaa kilo nzima na kukataa fedha. Mke wangu anasema huo ndio msamaha. Mimi naona ni heshima tu, angempa mwalimu yeyote.

Kwenye daftari la mwaka huu, juu ya tarehe, naweka kwa penseli alama ya siku za giza. Vijana watatu nimewagundua hivyo, na kipindi chao cha ziada nimekihamishia mchana. Ila yupo msichana wa dawati la mbele, X zake nazo zinakuja kwa mafungu na hazifuati mwezi. Nimejaribu siku za gulio, hazilingani. Jumatatu nampitia nyumbani kwao, Ujiji.