Wakulima wa Ogata waliambiwa wakate mpunga wao wenyewe

Kuna kijiji Japani kinaitwa Ogata, mkoa wa Akita, nikikifikiria roho inaniuma kwa kweli. Zamani pale palikuwa na ziwa, Hachirogata, la pili kwa ukubwa Japani nzima, sasa baada ya vita mchele ulikuwa shida serikali ikasema tulikaushe tulime, wakaanza 1957, wakajenga tuta kubwa wakavuta maji kwa pampu, kijiji kikazaliwa rasmi 1964. Ardhi yenyewe mpaka leo iko chini ya usawa wa bahari, pampu zikizimwa ziwa linarudi.

Basi wakaitwa wakulima toka kila kona ya nchi, wakachujwa, wengine wakauza mashamba ya kwao kabisa. Walipewa hekta 10 kila familia, wakati mkulima wa kawaida Japani alikuwa na kama hekta moja tu.

Halafu 1970 serikali ileile ikageuka. Mchele umejaa maghalani, watu wamezoea mkate, punguzeni kulima. Mtu kahama na watoto, ana deni la ardhi na trekta, ndo unamwambia hivyo? Miaka ya 70 waliopanda mpunga kuzidi eneo waliloruhusiwa wakaamriwa wakate mpunga ukiwa bado mbichi. Jamani, mpunga umeuhudumia mwenyewe halafu uufyeke haujaiva! Wengine wakatii, wengine wakagoma wakawa wanauza nje ya mfumo wa serikali, mpaka 1985 vikawekwa vizuizi barabarani kukagua malori ya mchele, kijiji kikapasuka vipande viwili.

Mimi niko na waliogoma, nasema wazi. Waliotii siwalaumu maana tishio la kunyang'anywa shamba lilikuwa la kweli, ila aliyevunja ahadi hakuwa mkulima.

Mfumo wa kupangia wakulima kiwango ukafutwa 2018, lakini ruzuku ya kulima vitu vingine badala ya mchele wa kula ikabaki, na 2025 bei ya mchele madukani ikawa karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia, serikali ikafungua akiba yake, waziri wa kilimo Taku Eto akajiuzulu mwezi wa 5 baada ya kusema yeye hajawahi kununua mchele, anapewa na wafuasi wake. Mwaka huohuo serikali ikasema limeni zaidi. Nani alime? Wastani wa umri wa wakulima wao mwaka 2024 ulikuwa kama miaka 69. Kijana wa kule akitaka maandishi yenye sahihi kwamba hatageukwa tena miaka mitano mbele, apewe, tena kabla hajashika jembe.