Kabla hujamuuliza binti wa watu alisomea nini

Jumatano iliyopita nilikuwa steshenari moja karibu na soko kuu hapa Tabora, nasubiri kutoa nakala za daftari la mauzo la chama chetu cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Mbele yangu kulikuwa na watu watano, wote wamekuja kwa jambo moja: kutuma maombi ya kazi. Nafasi zilikuwa zimetangazwa, mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa, na mtandao ulikuwa unakata kila baada ya muda mfupi.

Binti anayehudumia pale nilimtazama kwa saa nzima. Mmoja cheti chake cha kuzaliwa kinasema Hadija, cha kidato cha nne kinasema Khadija. Akamwelekeza kwa wakili akaape, akamwandikia na karatasi ya kumkumbusha aende na vyeti halisi. Mwingine alisahau nywila yake ya Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, akairudisha naye pole pole. Wa tatu alileta barua ya maombi ya mistari minne. Binti akaisoma, akaisukuma kando, akamuuliza, "Ulipokuwa fildi ulifanya nini hasa? Siyo ulipangiwa nini. Ulifanya nini?" Kijana akaanza kusimulia, na yeye anaandika. Ilipotoka kwenye printa ilikuwa barua ya mtu anayestahili kuitwa kwenye usaili. Shilingi elfu tatu.

Mzee mmoja, kanzu safi na balaghashia, alikuwa amekaa kwenye benchi akimsubiri mjukuu wake. Akauliza, "Wewe binti, nawe umesoma?"

"Ndiyo baba. Nina digrii."

"Ya nini?"

"Maendeleo ya jamii."

"Ahaa. Ndiyo maana."

Alisema kwa upole kabisa, kama daktari anayesoma majibu ya vipimo. Binti akamjibu, "Nilisoma nilikochaguliwa, baba," akarudi kwenye kibodi. Sikusema kitu. Nimekaa na aibu ya kutosema kitu tangu siku hiyo, ndiyo sababu naandika.

Hiyo "ndiyo maana" nimeisikia misibani, kwenye vikao vya harusi, kwenye bajaji ya Ipuli. Alisoma historia, ndiyo maana. Alisoma Kiswahili, ndiyo maana. Utawala, ndiyo maana. Kila kijana aliyerudi kwao Tabora na bahasha ya vyeti amekwishahukumiwa, na kosa lake ni kozi. Mimi nasema tumemhukumu asiyehusika.

Tuhesabu viti kwanza. Mji wetu una hospitali moja ya rufaa, Kitete. Una mamlaka moja ya maji. Una manispaa moja, ofisi za mkoa, na halmashauri ya majirani zetu wa Uyui. Ukiwa umesoma historia kama mimi, pahali pa kumbukumbu panapojulikana ni tembe la Livingstone pale Kwihara, alikokaa mwaka 1872 baada ya kuagana na Stanley, na sidhani kama pale pangehitaji wanahistoria kumi. Mtu akiajiriwa serikalini ana miaka 28, atakaa kwenye kiti hicho mpaka astaafu akiwa na 60. Hiyo ni miaka 32. Katika miaka hiyo 32 vyuo vitakuwa vimetoa wahitimu wa kozi ileile mara 32, na wote wanakitazama kiti kimoja chenye mtu. Dar es Salaam ukikosana na bosi wako Posta unavuka barabara, unajaribu jengo la pili. Hapa ukikosana na bosi mmoja umekosana na taaluma yako nzima. Na watu wa mji mdogo wana jambo jingine wasilolijua wa mji mkubwa: hapa kila mtu anajua ulisoma nini. Ukiuza chipsi Mbagala hakuna anayejua una digrii. Ukiuza chipsi Ng'ambo, rafiki wa mama yako anakuja kununua, na jioni anampigia mama yako simu ya kumpa pole.

Watasema, basi wasome vitu vinavyohusu mji wao. Wanasoma! Mji huu una vyuo kuliko ukubwa wake. Kuna Chuo cha Ardhi, kuna Chuo cha Reli, kuna Chuo cha Utumishi wa Umma ambacho wengi wetu bado tunakiita Uhazili, kuna chuo kikuu kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, kuna VETA ya ufundi, kuna vya ualimu. Na kuna Chuo cha Nyuki. Chuo cha nyuki, katikati ya misitu ya miombo, katika mkoa ambao asali yake inaulizwa kwa jina nchi nzima. Kama kweli tatizo ni kozi kutolingana na mahali, basi mhitimu wa nyuki akikaa Tabora ingetakiwa agombaniwe.

Namjua mmoja. Ana stashahada ya ufugaji nyuki na anaendesha bodaboda, kijiwe chake hakiko mbali na stesheni. Mwaka jana mnunuzi mmoja wa asali alitoka Dar, anataka kupita vijiji vya Sikonge, anatafuta mtu anayejua asali. Nikamtaja yule kijana, na kwa kuwa baadhi ya wanachama wetu wa tumbaku wana mizinga porini, nami nikaongozana nao. Kwa siku tatu nilimwona mtu ambaye nilikuwa napanda nyuma ya pikipiki yake kwa shilingi elfu moja bila kumjua.

Ana kifaa kidogo cha kupima unyevu, alikinunua mwenyewe. Unaweka tone la asali juu ya kioo, unafunika, unakielekeza kwenye mwanga, unachungulia. Kijiji cha kwanza akachungulia, akasema, "Ishirini na mbili. Hii bado." Asali ikizidi asilimia 20 ya maji ni rahisi kuchacha, na mnunuzi wa maana haigusi. Mzee mwenye asali akakasirika, akaona anatukanwa na mtoto. Kijana akachuchumaa mbele yake, akachukua kipande cha sega kwenye ndoo, akamwonyesha kwa ncha ya kijiti. "Babu, tazama hapa. Vyumba hivi nyuki walikuwa hawajavifunika kwa nta. Walikuwa bado wanaikausha. Ungewapa wiki mbili." Mzee akalishika lile sega, akaligeuza, akanyamaza kidogo. "Kumbe wanafunika wakimaliza." Amefuga nyuki tangu ujana wake, kwa mizinga ya magome, na hakuna mtu aliyewahi kuchuchumaa akamwambia hivyo.

Kijiji cha pili akaomba mizani. Wazee wanauza kwa ndoo ya lita 20, siku zote. Ndoo ikawekwa, ikasoma kilo 28 na ushee. Asali ni nzito kuliko maji, lita 20 si kilo 20. Mnunuzi wa ndoo huko aendako anauza kwa kilo, na hizo kilo nane za kila ndoo zimekuwa zikiondoka hapa hivihivi. Mama mmoja alisimama pale anahesabu kwa vidole ndoo alizouza msimu uliopita, midomo inatembea bila sauti. Sikuweza kumtazama mpaka mwisho.

Siku ya nne mnunuzi alirudi Dar na mzigo wake, kijana akarudi kijiweni. Elimu ilifanya kazi siku tatu, ikafanya kazi vizuri mno, halafu hakukuwa na mahali pa kuiweka.

Kwa sababu asali yenyewe haikai. Nyingi inaondoka kwenye ndoo na madumu. Inayobaki mjini mara nyingi tunaiuza barabarani kwenye chupa za maji zilizookotwa, haina nembo ya ubora ya TBS, haina hata tarehe. Asali ikichujwa hapa, ikapimwa hapa, ikafungwa hapa, ungehitaji yule kijana wa nyuki kila siku. Ungehitaji mtu wa maabara, mhasibu, fundi wa mashine, dereva, mtu wa kuwaandaa akina mama wa vikundi vijijini, na huyo wa mwisho ndiye yule binti wa maendeleo ya jamii wa steshenari! Kozi yake ingepata maana ndani ya wiki moja bila yeye kurudi darasani.

Tumbaku ndiyo naijua zaidi, kwa kuwa ndiyo inayonilisha. Msimu wa masoko ukifika wakulima wanaleta marobota, wateuzi wanapita wakigawa madaraja, mimi naandika uzito na daraja mpaka mkono unakufa ganzi, lori linapakiwa, linaondoka. Linakwenda Morogoro. Tumbaku inalimwa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, na kiwanda cha kuichakata kiko Morogoro. Wanaoipanga upya kule, mafundi mitambo, wakemia, makarani wa ghala, mpaka mama lishe wa getini, wote wanaishi kwa jani lililoota kwetu. Kila lori linapowasha injini huwa najiuliza limebeba ajira ngapi juu ya yale marobota. Zamani tulikuwa na kiwanda cha nyuzi kwa ajili ya pamba ya Nzega na Igunga, na wazee waliofanya kazi pale hawakuwa na kozi za ajabu. Kiwanda kilikuwepo, kikawafundisha, wakajenga nyumba.

Nikubali yale ya kukubali. Ziko kozi zinazomweka mtu mjini haraka: muuguzi hakosi zahanati ya mtu binafsi au duka la dawa, mwalimu wa fizikia hakosi shule. Kuna wahitimu wasioweza kuandika barua, nimewaona Jumatano ileile. Na ujenzi wa reli ya kisasa umechukua wahandisi na mafundi wa huku, kama kiwanda cha kuandaa mabomba ya mafuta cha Sojo kule Nzega kilivyochukua vijana. Lakini ujenzi una siku ya kukabidhiwa, na siku hiyo wahandisi wanafunga mabegi.

Kuhusu "jiajirini", nitasema moja tu. Yule kijana wa nyuki amejiajiri. Pikipiki ni ya mkataba, anapeleka hesabu kila siku kwa mwenye chombo, na akikosa siku mbili inachukuliwa. Anayemwambia afungue kiwanda cha asali amwambie pia mashine ya kuchuja inatoka wapi.

Mtaala mpya wa shule wenye mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, naupenda. Ila seremala naye anahitaji watu wanaonunua makabati.

Mtaniuliza na mimi nilipataje kazi. Nina digrii ya ualimu, historia na jiografia. Miaka minne nilituma maombi. Kisha jirani yetu pale mtaani Isevya akafiwa, nikapewa daftari la rambirambi kwa kuwa ndiye niliyekuwa na kalamu. Usiku wa tatu katibu wa chama cha msingi akaomba aone mahesabu. Akapitisha kidole kwenye jumla za kila ukurasa, akaniuliza, "Umesomea uhasibu?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Njoo Jumatatu." Hivyo ndivyo mji mdogo unavyoajiri: mtu amekuona ukifanya. Siyo haki, maana aliye kimya au aliye mgeni hana wa kumwona, na yule mwenye mjomba anaonwa hata asipofanya. Lakini katibu yule hakuniuliza "ulisomea nini" ili anifunge mlango. Aliuliza huku ameshaona kazi. Nami jiografia yangu sikuitupa. Wakulima wananiuliza habari za mvua na udongo kuliko wanavyoniuliza bei.

Madiwani na wabunge wetu wanapokuja vijiweni huwa tunawaomba ajira, wanatujibu vijana wachague kozi zenye soko. Hatuwaulizi swali la pili. Waulizwe asali inafungwa wapi. Waulizwe lini robota moja tu la tumbaku litafunguliwa na kuchakatwa ndani ya mkoa huu. Waulizwe ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi imenunua vifaa gani, au imeishia kwenye kuku na vitenge. Huu ndio mji ambao TANU ilikaa mwaka 1958 ikafanya Uamuzi wa Busara wa kuingia kwenye uchaguzi wa mkoloni wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika, Mzungu na Mhindi, wakati wengi waliokuwepo walikuwa wamekuja na hasira. Tunaweza kukaa tukazungumzia ndoo za asali.

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, CBG, yaani kemia, baiolojia na jiografia. Juzi ameniandikia, "Mjomba, kozi gani ina soko?" Nilianza kumjibu mara tatu nikafuta. Anataka nyuki. Mama yake, dada yangu, hataki hata kusikia, kwa sababu anamjua yule kijana wa bodaboda na amekwisha kusema lile neno: ndiyo maana.

Sikumpa jibu. Nimemwambia ajaze fomu wiki ijayo, asiwahi. Jumamosi tunakwenda Sikonge sote watatu, dada yangu naye amekubali kwa shingo upande. Kijana amesema atampa kile kifaa achungulie mwenyewe, na ameagiza tuvae mikono mirefu na tusijipake manukato.